Kipepeo Anayevuka Siku ya Mawingu

Kiden, mwanangu,

Sitaandika kwamba natumaini hujambo, kwa sababu nakusikia. Uko nyuma ya nyumba unamcheka mama yako anavyohangaika kuingiza unga wa muhogo, simsim na samaki wakavu katika begi ambalo tangu mchana limekataa kufungwa. Mambo ya kula, ya kuvaa soksi msituni na ya kutopokea simu za watu usiowajua nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na hata ukimzuia atayasema. Mimi nimekaa barazani kwenye cherehani yangu, jua linaelekea Kongo, na ninaandika nyuma ya karatasi za vipimo. Ukikuta mstari wa bega la gauni la mtu umepita katikati ya maneno yangu, uruke tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho babu yako alichorudi nacho kutoka jeshini. Alitugombeza nacho, akatuombea nacho, na kikabaki humu nyumbani kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kikakwa, lugha yetu wenyewe, nikikiandika ungenicheka.

Nikimaliza nitaishona barua hii katika mfuko wa ndani wa lile koti la kijani, na nitamwambia mama yako akuambie usiufungue mpaka uvuke daraja la mto pale Pakwach. Nafanya hivyo kwa sababu ya woga. Mbele ya wateja mimi ni msemaji sana, unanijua. Wewe ukiniuliza jambo la maana, nashika mkasi. Wiki iliyopita uliniuliza jambo, nikashika mkasi. Haya ndiyo majibu yake, na yatakuwa marefu kwa sababu yamechelewa.

Ngoja nianze na huyo kipepeo wako, maana yeye ndiye aliyeleta yote haya.

Kwa miaka yangu yote nilimwona bila kumwona. Nani ana muda wa kipepeo? Kisha ukarudi likizo kutoka Arua, ulipokuwa unakaa kwa shangazi yako Ayivu kwa ajili ya shule, na mkononi una kitabu ulichopewa na mwalimu wako wa baiolojia. Ukaja kunivuta shati hapa hapa barazani. "Baba, kuja uone. Ile iko kwa kitabu, iko kwa kijito yetu." Nikakufuata nikinung'unika, maana nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Chini ya mikuyu, juu ya matunda yaliyoanguka na kuoza, alikuwa amekaa anafungua mabawa na kuyafunga, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote. Rangi yake ilikuwa ya bluu, halafu ya kijani, kama ile satini ya maharusi inayobadilika ukiigeuza, na kwenye ncha za mabawa kuna alama ya manjano. Nikasema ni mzuri. Kisha nikasema kwamba nimemsomesha mtoto Arua ili arudi kuchunguza matunda yaliyooza. Ulicheka, lakini nadhani ilikuuma kidogo.

Katika kitabu kile, kando ya picha yake, kuna ramani ndogo ya Afrika. Anakoishi pamepakwa kijani. Kinaanzia mbali magharibi kwenye misitu ya Guinea, kinapita Ghana, Nigeria na Kameruni, kinameza karibu Kongo yote, kinaingia Uganda upande wa kusini na kuishia kwenye misitu ya magharibi mwa Kenya. Sisi huku juu tumeachwa weupe, kama watu ambao hawakualikwa. Ukachukua kalamu ukatia kidoti hapa kwetu Koboko. Nilikugombeza kwa kuchafua kitabu cha watu. Kidoti hicho ndicho kinachokuondoa nyumbani kesho, na sasa naona ningekugombeza zaidi au nisingekugombeza kabisa.

Unakumbuka mtego? Uliniletea mchoro, nikaushona kwa chandarua kuukuu: mfuko mrefu unaoning'inia, juu umefungwa, chini kuna sahani ya ndizi zilizochacha. Ulinieleza kwamba kipepeo huingia kwa chini, hula, na akishiba huruka kwenda juu. Mlango uko pale pale alipoingilia, wala haujafungwa, ila hajui kutoka kwa kushuka. Nilifurahi sana siku ile. Fundi wa sare na magauni nimeshona kitu cha sayansi! Sikuwaza zaidi ya hapo.

Ukawatia alama. Tone la rangi nyekundu ya kucha ya mama yako kwenye bawa, kisha ukawaachia. Tukawa tunabishana mimi na wewe jioni baada ya jioni. Mimi nilishikilia kwamba mdudu huyu hawezi kutoka kijitoni kwetu. Tulikuwa tumemwona wote wawili: anaruka chini chini, usawa wa goti, anafika ukingoni pale kivuli kinapoisha na shamba la mihogo kuanza, anageuka na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ana mabawa mazima na jua ni hatua chache tu, lakini haendi.

"Hii kitu ya kivuli," nilikuambia. "Jua haiwezi pita."

Ukanijibu, "Sasa ile iko kwa makaburi ilifika namna gani?"

Kwenye makaburi ya wazee wetu, ng'ambo ya mashamba, karibu na mpaka wa Kongo, miti haikatwi, na huko nako ulikuwa umewaona. Siku uliyomkuta huko mmoja mwenye tone jekundu bawani, ulikuja ukikimbia kwenye njia na kandambili mkononi. Nilisema labda amebebwa na upepo. Nilisema labda mama yako ametia alama kipepeo mwingine kwa kukutania. Mimi ni mbishi, nimeumbwa hivyo.

Ndipo asubuhi moja ya mvua za mwaka jana, mbingu imefunga, manyunyu yamekatika punde, ukaniamsha. Tulikwenda kwa mguu kando ya kijito, wewe mbele, mimi nyuma. Na tulimwona. Hakuna jua la kumrudisha, basi alitoka. Hakupita katikati ya mihogo hata hivyo. Alifuata ile mistari ya mikuyu na vichaka iliyobaki kandokando ya kijito, pengine upana wa chumba tu, anatua, anapumzika, anaendelea. Ulinionyesha kile kimti kidogo ambacho viwavi wake hula majani yake. Ulikuwa unanong'ona kama tuko kanisani. Tukainama kupita chini ya matawi, na tulipokaribia makaburi mimi nikakaa juu ya mzizi nikasema goti linaniuma.

Goti halikuwa linauma, mama. Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na ilikuwa ni yeye niliyemwona pale.

Unajua kwamba tulikimbia vita tukaenda Kongo nikiwa mdogo. Hilo kila mtu wa Koboko wa umri wangu atakuambia. Jinsi tulivyokwenda sikuwahi kukuambia, kwa sababu nilikuwa nimesahau, na si kusahau kwa maneno tu. Mwili wangu ulisahau. Babu yako alikuwa hajarudi kutoka kambini, na watu waliokuwa na nguo za jeshi ndani ya nyumba walikuwa wanatafutwa. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa barabara. Wengi walikatisha mashambani kwa sababu ndiyo njia fupi, na wengi wao hawakufika. Bibi yako alinishika mkono akaingia nami kwenye kijito. Tuliinama chini ya matawi yale yale. Kila nilipotaka kusimama wima alinikandamiza kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Chini. Usitoke kwa jua." Tulipumzika chini ya mkuyu, tukala matunda yake. Tukaendelea. Tukatokea makaburini, na kutoka hapo mpaka haukuwa mbali.

Nilikuwa nimekaa juu ya mzizi ule nikinusa matunda yaliyooza, na nilijikuta nataka kulia kama mtoto. Wewe ulikuwa unaandika mambo yako na kuniambia, "Baba, umeona? Inapitia hapa tu. Hii miti ikikatwa, ya huku inabaki huku, ya kule inabaki kule, inakwisha polepole." Nikasema nimeona. Ningekuambia yote siku ile. Badala yake nikasema twende nyumbani, uji unapoa.

Nakueleza hili ili uelewe ujinga wangu ulivyo mkubwa, maana baada ya kuyaona yote hayo bado nilifyatua matofali.

Tuliporudi kutoka Kongo, miaka baadaye, nyumba zote za nyasi zilikuwa jivu, na juu ya jivu majani yameota. Kilichosimama ni kuta za matofali za duka moja pale mjini, bila paa, bila milango, lakini zimesimama. Nilizishika kwa mkono. Nikajiambia: ukitaka mtu wako awe na mahali pa kurudi, mjengee kwa tofali la kuchoma. Sikuwaza kuhusu miti iliyotupitisha. Mtoto akirudi nyumbani hahesabu miti, anahesabu nyumba ambazo hazipo.

Ndivyo nilivyomjengea kaka yako Lemi alipokwenda kuendesha magari Juba. Nilimjengea vyumba viwili na sakafu ya saruji. Alikuja mara moja, akazunguka ndani, akagonga kuta, akashukuru. Usiku akachukua mkeka akalala jikoni kwa mama yako. Asubuhi nikamuuliza kwa hasira kama nyumba yangu ina kunguni. Akasema, "Baba, hii nyumba haina mutu. Mimi sikuomba nyumba. Niliomba unanipigia simu." Sasa mle ndani tunaweka mahindi, na ukiniuliza kwa nini sikujifunza pale, nitakuambia ukweli: nilidhani kosa lilikuwa vyumba viwili, vingekuwa vitatu.

Basi siku ilipokuja habari kutoka kwa wale watafiti wa msitu mkubwa upande wa Masindi, kwamba wameona picha za kipepeo ulizowatumia na kidoti chako, na wanataka uje ukae nao miaka miwili ufanye kazi na kujifunza, nilikupongeza. Nilikuchinjia kuku. Kesho yake asubuhi nikachukua jembe nikaenda kukanda udongo. Hata mama yako hakuniuliza. Kiangazi chote nilifyatua matofali, na nilipopanga tanuru nilijiona mtu wa kisasa. Nani hapa Koboko amewahi kumjengea binti nyumba ndani ya boma la baba yake? Jirani yetu Taban alisimama njiani akacheka mpaka akashika baiskeli. "Fundi, unajengea musichana nyumba? Kesho mutu anakuja anachukua yeye, nyumba inabaki na panya." Nikamjibu kwa kiburi kwamba binti yangu akirudi atakuta mahali pake. Nilikuwa natafuta tu namna ya kukushika, na nikaiita heshima.

Nimeshona mtego mmoja kwa chandarua. Wa pili niliufyatua kwa udongo, nikaweka ndizi chini.

Halafu jioni ile ya wiki iliyopita, tunakula, ukaniuliza bila kuinua macho. "Baba, ile matofali utachoma na miti gani?"

"Miti iko."

"Iko wapi?"

"Iko kwa kijito."

Mama yako aliacha kutafuna. Wewe hukupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Ulisema tu, "Baba, kama unapenda mimi, usichome na ile." Mama yako akasema, "Kula kwanza, chakula inakuwa baridi." Mimi nikainuka nikaenda kutafuta mkasi ambao haukuwa umepotea.

Tangu siku ile hujarudia. Umepanga nguo zako, umekwenda kwa shangazi yako Ayivu kuaga, umerudi, na kila ukipita karibu na lile tanuru lililofunikwa nyasi unaangalia upande mwingine. Nami nimelala kila usiku nikifanya hesabu ya mvua. Matofali mabichi hayasubiri. Mvua za kwanza zikija kabla hayajachomwa, kazi yote inarudi kuwa tope. Kuni nyingine za kutosha hapa karibu hakuna, wewe unajua tulivyobaki na vilima vya upara. Ni miti ya kijito au hakuna nyumba.

Sasa nisikilize kidogo, kisha nitakuachia uendelee na safari yako.

Mimi niliwahi kuitwa. Nilikuwa kijana, nimejua kushona kola vizuri, na fundi mmoja wa Kampala aliyekuwa anashona suti alisema niende nikakae kwake. Nilifika Arua. Nililala kwa rafiki, asubuhi nikaenda stendi, nikalitazama basi, nikarudi Koboko nikasema lilikuwa limejaa. Nimewasimulia hilo basi lililojaa mara nyingi, mpaka mama yako anajua rangi yake. Lilikuwa na nafasi, Kiden. Kondakta aliniita. Nilifika ukingoni pale kivuli kinapoisha, nikageuka.

Sijutii kila kitu, usidhani naandika kwa huzuni tupu. Ningepanda basi lile nisingemwona mama yako akija kupunguziwa sketi, na wewe ungekuwa mtoto wa nani? Lakini nilichukua woga wangu nikaufanya kuwa hekima ya nyumba hii. Nilikufundisha kwamba huko nje ni jua. Ni kweli ni jua. Bibi yako pia alisema hivyo, lakini yeye alisema huku anatembea. Alituvusha mpaka Kongo kwa maneno yale yale niliyoyatumia mimi kukaa barazani.

Huko unakokwenda, uliniambia, kipepeo huyu ni wa kawaida, unaweza kumkuta kila penye tunda lililoanguka, na hakuna anayekimbia na kandambili mkononi kwa sababu yake. Nimelifikiria sana hilo. Sisi wa ukingoni tumezoea kwamba mmoja akionekana watu wanaitana. Huko utakuwa mmoja kati ya wengi, na zitakuja siku utakazohisi hakuna aliyekuona tangu asubuhi. Itakuuma. Usiharakishe kusema umeshindwa, na usije ukadhani umepungua kitu. Wakikucheka kwa Kiswahili chetu cha kusema iko hii, iko ile, cheka nao, kisha endelea kusema hivyo hivyo. Na siku ukichoka kabisa, rudi. Nyumbani hakuna atakayekuuliza kama basi lilikuwa limejaa.

Ila usirudi kwa sababu ya nyumba.

Leo mchana, ulipokwenda kisimani na mama yako, nilikwenda kwenye tanuru nikaondoa nyasi zilizoyakinga matofali na mvua. Zote. Nilizibeba kidogo kidogo nikawapa mbuzi wa Taban, na Taban mwenyewe akaja akasimama. "Fundi, akili iko? Mvua inakuja hii." Nikamwambia ndiyo, naona. Akatazama mawingu, akanitazama mimi, akawaswaga mbuzi wake kwenda kwake. Niliyajua yale matofali moja moja.

Miti itabaki, kutoka hapa mpaka makaburini. Nitakwenda mimi mwenyewe kuitazama siku za mawingu, na nitakupigia simu kukuambia nimeona nini, hata kama nimeona nzi tu. Lemi naye nitampigia. Kuhusu nyumba, udongo hauendi popote. Siku moja ukitaka ukuta hapa, utaniambia wewe, na utaniambia ukuta huo utazame upande gani.

Sasa jua limezama na upande wote wa Kongo ni mweusi. Matone ya kwanza yameanza kugonga bati. Mama yako anaita watu waanue nguo, na nimekusikia ukiuliza, "Baba amefunika matofali?" Nimeinamia karatasi.

Kesho asubuhi, kabla ya boda kuja, utapita pale na begi lako. Utakuta rundo jekundu limelainika, kona zimeshaanza kuyeyuka, na maji mekundu yanateremka kwenda kijitoni. Utasimama. Utanitafuta kwa macho, nami nitakuwa nimekupa mgongo, najifanya nafunga mzigo ambao umeshafungwa. Hutaona uso wangu, na pengine utapanda boda ukidhani nimekasirika.

Unaposoma hapa umeshavuka mto, basi nakuambia: sikuwa nimekasirika. Nilikuwa natazama mbingu, na ilikuwa imefunga vizuri.

Ni mimi baba yako, fundi